Maumivu ya Mnyama Asiyesema: Walivyoyatambua na Kuyapunguza Wanazuoni Wetu

Mlango wa matumizi katika Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia), kitabu ambacho kimesomeshwa kwa vizazi vingi katika darsa za pwani yetu, haumaliziki kwa mke, mtoto na mtumwa. Unafika hadi kwa mnyama. Mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa: ama amlishe, ama amuuze, ama amchinje ikiwa ni mnyama wa kuliwa, na kama si wa kuliwa, basi amlishe au amuuze. Kisha inafuata hukumu fupi kwamba asimkamue kiasi cha kumdhuru ndama wake. Katika darsa nyingi mistari hii hupitwa mbio, kwa kuwa mbele yake kuna Kitabu cha Majeraha chenye masuala mazito ya kisasi na diya. Sisi tunaona kuwa hapa pana elimu iliyoachwa njiani, na katika makala hii tunataka kurudi kuiokota.

Hatutarudia kisa cha mwanamke na paka, wala cha mbwa mwenye kiu aliyenyweshwa kwa khofu. Visa hivyo vinajulikana na kila mtoto wa madrasa, na waadhi wetu wanavisimulia vizuri. Tunachouliza ni jingine. Mnyama hasemi. Je, wanazuoni waliotutangulia walijuaje kuwa anaumwa, walifanya nini kumpunguzia, na je, njia za kumpunguzia zikiongezeka, hukumu inabaki pale pale ilipokuwa?

Tuanze na swali ambalo leo linaonekana la ajabu: je, mnyama anaumwa kweli? Katika karne ya pili ya Hijria, huko Basra, alikuwepo mtu aitwaye Bakr, mpwa wa Abdul-Wahid bin Zayd, ambaye wafuasi wake waliitwa Bakriyya. Watu hawa walikwama kwenye suala la uadilifu wa Mwenyezi Mungu. Walijiuliza: mtoto mchanga hana dhambi, mnyama hana taklifu, basi kwa nini waumie? Badala ya kukiri kwamba hekima ya Mola ni pana kuliko akili zao, walichagua njia ya mkato, wakasema hawaumii. Imamu Abul-Hasan al-Ash'ari (aliyefariki 324 H/936 M) ameitaja kauli ya Bakr kuhusu watoto wachanga katika Maqalat al-Islamiyyin, na Imamul-Haramayn al-Juwayni (aliyefariki 478 H/1085 M) ameinukuu katika kitabu chake al-Irshad akiwataja pamoja wanyama na watoto wasio na akili ya kupambanua. Juwayni hakuhangaika nayo sana. Aliihesabu kuwa ni kukanusha jambo lililo wazi, ambalo mtu halihitajii dalili, kama anayekanusha mchana.

Katika suala hilo hilo Mu'tazila walikwenda upande mwingine. Wao walikubali kuwa mnyama anaumwa, na umuhimu wa maumivu hayo kwao ulikuwa mkubwa kiasi kwamba walisema ni wajibu alipwe fidia Akhera. Kadhi Abdul-Jabbar (aliyefariki 415 H/1025 M) alilifafanua hilo kwa urefu katika al-Mughni. Ash'ariyya wakawajibu kuwa hakuna kinachomlazimu Mwenyezi Mungu, kwani viumbe vyote ni milki Yake. Ugomvi huo ni mrefu, nasi hatukusudii kuufungua hapa. La kuzingatia ni kwamba pande zote mbili, pamoja na ukali wa mjadala wao, zilikubaliana kwamba maumivu yapo. Hitilafu ilikuwa katika malipo na sababu.

Tunalitaja hili kwa kuwa kauli ya Bakriyya haikufa. Ilizuka tena Ulaya, bila ya uhusiano wowote na Basra, pale mwanafalsafa wa Kifaransa Descartes alipowafananisha wanyama na mashine katika kitabu chake cha mwaka 1637, na aliyemfuata, Malebranche, akatamka bayana kuwa mnyama hulia bila kuumwa. Wala haikuishia kwa wanyama. Hadi miaka ya 1980 ilikuwa jambo la kawaida, hata katika hospitali za nchi tajiri, kumpasua mtoto mchanga kwa ganzi kidogo mno, kwa dhana kwamba hajafikia kuhisi maumivu sawasawa. Ni mwaka 1987 ambapo daktari K. J. S. Anand na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la The Lancet ulioonyesha jinsi mwili wa mtoto huyo unavyoteseka, na matibabu yakaanza kubadilika. Mtoto na mnyama, wale wale wawili waliowekwa pamoja na Bakriyya! Kinachowaunganisha ni kwamba wote hawawezi kusema, na asiyeweza kusema ni rahisi kudhaniwa kuwa hana la kusema.

Sasa tuje kwa watu wa vitendo. Katika dola za Kiislamu palikuwa na fani kamili iliyoitwa baytara, yaani utabibu wa wanyama. Jina lenyewe lina asili ya Kiyunani, na Waislamu walifaidika na vitabu vya Wayunani, Wahindi na Waajemi katika fani hiyo. Muhammad bin Ya'qub, maarufu kwa jina la Ibn Akhi Hizam, aliandika kitabu cha upandaji farasi na matibabu yao katika karne ya tatu ya Hijria chini ya Bani Abbas. Baadaye, Misri, Abu Bakr bin Badr al-Baytar aliyekuwa akiangalia mazizi ya Sultani an-Nasir Muhammad bin Qalawun (aliyefariki 741 H/1341 M) aliandika kitabu kikubwa kilichokuja kujulikana kama an-Nasiri, na katika karne ya 19 kilifasiriwa kwa Kifaransa.

Lakini maneno yaliyotugusa zaidi hayamo katika vitabu vya matabibu. Yamo katika kitabu cha hisba, yaani usimamizi wa masoko, cha Abdul-Rahman bin Nasr ash-Shayzari, aliyeandika Shamu katika zama za Salahuddin al-Ayyubi. Katika mlango wa wapigaji njumu na matabibu wa wanyama, anaeleza kwamba kumtibu mnyama ni kugumu zaidi kuliko kumtibu binadamu, kwa sababu mnyama hana ulimi wa kueleza ugonjwa na maumivu anayoyapata, na kwamba hujulikana kwa kumpapasa na kumtazama tu. Kwa hiyo anamtaka tabibu huyo awe na ujuzi na uangalifu, na zaidi ya hayo awe na dini itakayomzuia asimvamie mnyama kwa kumtoa damu, kumkata au kumchoma moto bila ujuzi. Akifanya hivyo bila ujuzi na mnyama akafa au akapata kilema, atalipa kile kilichopungua katika thamani yake.

Tazama mpangilio wa maneno hayo. Ububu wa mnyama, ambao Bakriyya na Descartes waliupuuza, kwa Shayzari ndio unaozidisha wajibu. Kwa kuwa hasemi, anayemshika anatakiwa ajue zaidi, aogope zaidi, na adhamini alichokiharibu.

Mwaka 2020 Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu iliporekebisha tafsiri yake rasmi ya neno maumivu, iliongeza maelezo kwamba kueleza kwa maneno ni njia moja tu miongoni mwa njia za kuonyesha maumivu, na kwamba kushindwa kusema hakuondoi uwezekano wa binadamu au mnyama kuwa anaumwa. Baina ya Shayzari na maelezo hayo pana zaidi ya miaka 800. Na lile la kumtazama limekuwa somo lenye vipimo: mwaka 2010 watafiti huko Montreal walitengeneza kipimo cha kusoma maumivu katika uso wa panya, mwaka 2014 kikapatikana cha farasi, na mwaka 2016 cha kondoo. Mtaalamu huangalia jicho lililofinyika, masikio yaliyogeuka au kulala nyuma, misuli ya shavu iliyokaza, pua na midomo iliyobadilika umbo. Wafugaji wazoefu miongoni mwetu wanazijua dalili nyingi kati ya hizi bila ya kusoma popote. Wanamjua ng'ombe anayejitenga, anayesaga meno, asiyecheua, anayeacha kula huku majani yapo. Ng'ombe, kondoo na punda ni wanyama wa kuwindwa kwa asili yao, na anayewindwa hafaidiki kujitangaza kuwa ni dhaifu. Ndiyo maana punda huvumilia kidonda cha mgongoni kimya kimya mpaka mwenyewe anadhani hakimuumi.

Bado kuna tatizo la mahakama. Ikiwa mnyama anaumwa, nani atamshitaki mwenye mnyama? Hapa fiqhi ilipata mtihani wa kweli. Mafaqihi wa Kishafi, Kimaliki na Kihanbali walisema hakimu humlazimisha mwenye mnyama kama tulivyoona katika Minhaj. Hanafi, katika kauli iliyo dhahiri ya madhehebu yao, walisema anaamrishwa kidini, baina yake na Mola wake, na ni dhambi asipofanya, ila kadhi hamlazimishi. Sababu yao ni kwamba hukumu ya kadhi inahitaji mdai, na mnyama hawezi kuwa mdai. Imamu Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, hakukubaliana na hilo na akasema analazimishwa. At-Tahawi na Kamal bin al-Humam, wote wakubwa katika madhehebu hayo hayo, wakaipa nguvu kauli ya Abu Yusuf. Nasi tunaona wamepatia, kwani hoja ya kukosekana mdai ingewafaa wengi wenye kudhulumu walio kimya.

Katika maisha ya kila siku pengo hilo lilizibwa na muhtasib, afisa wa soko ambaye hakungoja mashitaka. Al-Mawardi (aliyefariki 450 H/1058 M) katika al-Ahkam as-Sultaniyya anahesabu miongoni mwa kazi zake kuwabana wenye wanyama juu ya malisho wanapopunguza, na kuwazuia wasiwatumikishe katika kazi wasiyoiweza. Na kabla ya vitabu hivyo, Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria (717 hadi 720 M), amepokewa kuwa aliandika Misri baada ya kupata habari kwamba ngamia wa mizigo huko hubebeshwa ratili 1,000, akaamuru wasizidishe 600. Amepokewa pia kuwa alimwandikia msimamizi wa barua na barabara kukataza hatamu nzito na kumchoma mnyama kwa fimbo yenye chuma nchani. Huyu ni mtawala aliyekuwa na dola ya kuanzia Andalusia mpaka mipaka ya Uhindi, naye akapata nafasi ya kufikiri juu ya ncha ya fimbo.

Hisba ya namna hiyo haipo tena kwetu. Zipo sheria za nchi, kama Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008, na zipo juhudi kama hospitali ya punda mjini Lamu iliyoanzishwa mwaka 1987 na taasisi ya Kiingereza, ambapo punda hutibiwa vidonda na kwato bure. Hatuoni aibu yoyote kwa Mwislamu kupeleka punda wake huko. Kinachosikitisha ni kuwa mji wenye misikiti na riyadha kama Lamu ulisubiri wageni kwa kazi ambayo Mawardi angeiita ya lazima.

Tumefika kwenye kiini cha makala. Ukiwasoma mafaqihi kwa makini utaona kuwa hawakuishia kusema kutesa ni haramu. Waliyapima maumivu na kutafuta pa kuyapunguza. Mtume (s.a.w.) amepokewa katika Sahihi Muslim kuwa alimlaani aliyemchoma punda alama usoni. Amepokewa pia kuwa yeye mwenyewe aliwatia alama ngamia wa zaka, wasichanganyike na mali nyingine. Nawawi anapozikusanya hadithi hizi anasema usoni ni haramu, na pengine panajuzu kwa haja, kisha anaingia katika undani: kondoo na mbuzi watiwe alama masikioni, ngamia na ng'ombe kwenye mashina ya mapaja, kwa sababu hapo ni pagumu, maumivu ni machache, na nywele ni haba hivyo alama itaonekana. Katika Rawdha anataja kuwa inapendekezwa mkamuaji apunguze kucha ili asimuumize mnyama kwa kumfinya. Kucha! Huu ni ufaqihi wa mtu aliyemtazama ng'ombe akikamuliwa.

Njia yao basi ilikuwa hii: panapokuwa na haja, kitendo kinaruhusiwa, lakini kwa kiasi cha haja na kwa namna yenye maumivu machache kuliko zote zinazowezekana. Na hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) iliyomo katika Sahihi Muslim, inayofaradhisha wema katika kila kitu hata katika kuchinja kwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama, ndiyo msingi wake. (Suala la kumzimisha mnyama kabla ya kuchinja tunaliacha kwa makusudi. Lina hitilafu zake na linahitaji makala yake.)

Tuchukue mfano wa kuhasi. Wanazuoni walihitilafiana tangu zamani. Ibn Umar (r.a.) alikuchukia. Kwa upande mwingine imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo dume wawili waliohasiwa, jambo linaloonyesha kuwa nyama yao haina kasoro. Hanafi waliruhusu pakiwa na manufaa. Shafi waliruhusu kwa mnyama wa kuliwa akiwa mdogo, na wakaharamisha kwa mkubwa na kwa asiyeliwa. Hukumu zote hizi zilitolewa katika zama ambazo hakukuwa na njia ya uhakika ya kumtia mnyama ganzi. Ibn Sina (aliyefariki 428 H/1037 M) alikwishahesabu aina 15 za maumivu katika al-Qanun na kutaja mimea ya kufisha hisia kama afyuni, lakini vipimo vya mimea hiyo vilikuwa vya hatari.

Leo kuna lidokeini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren, ambayo ikidungwa mahali pake huua hisia za sehemu hiyo kwa muda wa saa moja au mbili. Kwa yale maumivu yanayobaki baada ya hapo ipo meloksikamu na dawa za jamii yake. Tafiti zimeonyesha pia kuwa ndama mdogo naye huumia kwa kuhasiwa, iwe kwa kisu, kwa mpira au kwa koleo la kubana mishipa, kwa hiyo udogo peke yake si ganzi.

Je, dawa hizi zinabadilisha kitu katika hukumu? Tunaona zinabadilisha. Nawawi katika Rawdha analeta suala la mtu mwenye mkono unaooza, akahitaji kupewa kitu cha kuondoa akili yake ili ukatwe, na anasahihisha kauli ya kujuzu. Kizuizi katika suala hilo kilikuwa ni akili, ambayo sheria imeilinda hata pombe ikaharamishwa kwa ajili yake. Mnyama hana kizuizi hicho. Ikiwa binadamu aliruhusiwa kuondoshewa akili kwa muda asihisi kisu, basi kumtia ganzi mnyama kunajuzu kwa njia iliyo bora zaidi. Na pale ganzi inapopatikana kwa bei ambayo mwenye ng'ombe anaimudu, na daktari wa mifugo yupo, kumhasi bila ganzi ni kuzidisha juu ya haja. Waliotangulia waliruhusu maumivu yasiyoepukika; hawakuruhusu yanayoepukika. Kwa mfugaji wa mbali asiyemfikia daktari, udhuru upo, na hatutaki kumtwisha dhambi mtu kwa kile asichonacho. Lakini wenye mashamba makubwa, wanaonunua chanjo na madume ya mbegu kwa mamilioni, wataje udhuru mwingine.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi kwa kuwa umeenea katika nchi zetu. Ng'ombe anapopata ndigana kali, tezi zake huvimba chini ya sikio na mbele ya bega, na katika jamii nyingi za wafugaji, wakiwemo Waislamu, tezi hizo huchomwa kwa chuma cha moto. Wanaofanya hivyo hawana nia ya kutesa, wanatafuta tiba. Kuchoma moto kama tiba kuna mjadala wake katika hadithi, na matabibu wa zamani walikutumia kwa farasi na ngamia. Lakini kigezo cha kujuzu ni manufaa, na anayeulizwa kuhusu manufaa ni mjuzi wa fani, kama alivyosema Shayzari. Wajuzi wanajua kuwa ndigana huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva kinachoenezwa na kupe, nacho kimo ndani ya chembe za damu. Moto juu ya ngozi haukifikii. Tiba yake ni sindano ya buparvakuoni mapema, na kinga yake ni kuogesha na kuchanja. Manufaa yakiondoka, kinachobaki ni moto na ng'ombe mgonjwa. Imamu wa kijiji cha wafugaji akilisema hili mimbarini baada ya kumshirikisha afisa mifugo, atakuwa amefanya kazi ya muhtasib.

Izzuddin bin Abdis-Salam (aliyefariki 660 H/1262 M) katika Qawa'id al-Ahkam anahesabu haki za mnyama juu ya binadamu, na ya kwanza anayoitaja ni kumlisha hata akizeeka au akiugua kiasi ambacho hana faida tena. Aliyeandika hivyo hakuwa akihesabu thamani ya ng'ombe sokoni.

Tumalize na tahadhari kwa wale watakaoingia katika mlango huu kwa hamasa. Dawa ya kutuliza maumivu nayo inaweza kuwa dhara. Huko Bara Hindi, kuanzia miaka ya 1990, tai wala mizoga walikufa kwa wingi usio na mfano, aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Pakistan walichapisha sababu: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Ng'ombe akifa na dawa mwilini, tai anayemla hufa kwa kuharibika figo. India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, na iliyopendekezwa badala yake ni meloksikamu, ambayo haimdhuru tai. Kanuni inasema dhara haiondolewi kwa dhara, na ndege nao, kwa mujibu wa aya ya 38 ya Suratul-An'am, ni umma mfano wetu. Vivyo hivyo, aliyempa mnyama dawa asimchinje wala asiuze maziwa yake kabla ya kupita siku zilizoandikwa kwenye chupa. Na kama karatasi ya maelezo imechanika au haisomeki, amuulize daktari wa mifugo kabla ya kisu kutoka alani.